Mawese Yaliyolala Saa Sita

"Mavi yameibwa," sauti ilisema kwenye redio ya Motorola. "Yote."

Iliasi, jasusi wa serikali, hakucheka. Aligeuza pikipiki yake, Yamaha DT, na kukata njia ya bandarini, Kasongo-Rive.

Vichupa mia mbili na kumi vya kinyesi cha watu wa eneo la Wamaza. Daktari Victoire alivikusanya nyumba kwa nyumba, akavigandisha ndani ya chupa moja kubwa ya chuma ya kutunza baridi kali. Tumboni mwa baadhi ya watu hao mliishi bakteria wanaokula nyuzinyuzi za sombe, majani ya muhogo, na za maharagwe, na kutoa asidi inayolinda utumbo. Kwa wengine bakteria walitoa sumu. Sumu hiyo hukwaruza utumbo mkubwa miaka na miaka, mpaka saratani inaota.

Delmotte, mfanya magendo wa Kizungu, aliwataka wale bakteria wazuri. Ulaya angewaandikisha kuwa mali yake, na njia yake ya kutoka ilikuwa mto.

Kichupa cha themanini na nane kilikuwa cha Consolée, dada yake Iliasi. Miezi mitatu alikuwa akitoka damu chooni. Ndege ya kwenda Bukavu kwa wapasuaji ilikuwa na viti vinne. Wagonjwa kumi na tisa. Vichupa ndivyo vingechagua: wenye sumu nyingi zaidi wangepanda.

Baridi ya chupa ingeisha saa tisa alasiri, na vyote vingeharibika.

Saa sita kamili mchana Iliasi alizima pikipiki mtoni. Boti ilikuwa inapakiwa. Baiskeli ishirini zilipanga foleni na wasukumaji wake, kila moja na bidoni sita, madumu ya mafuta ya mawese. Delmotte alikaa kivulini. Mbele yake alisimama Clovis, mlinzi wake kutoka Goma.

"Serikali imekosa kazi," Clovis alisema. "Sasa inafwata mavi ya watu."

Iliasi alipita baiskeli moja moja.

"Fungua yote, mukubwa. Kama uko na kiu, kunywa," Clovis aliongeza.

Jua lilichoma mpaka chuma cha baiskeli hakishikiki. Ndani ya kila bidoni mawese yalicheza, mekundu, mepesi kama maji.

Isipokuwa moja.

Iliasi aliigonga kwa kidole. Mafuta yalikuwa yameganda, ya manjano, magumu kama sabuni.

"Haya yamelala," alisema.

"Mawese inalala kila siku."

"Kwenu Goma, kwenye baridi. Huku hayalali saa sita."

Clovis aliingiza mkono kiunoni.

Akachelewa.

Iliasi alisukuma baiskeli kwa teke. Kilo mia za mafuta zilimwangukia Clovis kifuani. Bastola yake iliteleza mtoni. Bastola ya Iliasi, Makarov, ilikuwa tayari sikioni mwa Delmotte.

Kwa mkono mwingine alipasua ile bidoni iliyoganda kwa kisu. Katikati ya mafuta magumu kulikuwa na chupa ya chuma. Alilegeza kifuniko. Moshi wa baridi ukatoka.

"Hujui umeshika nini," Delmotte alisema.

"Najua. Ni mavi ya dada yangu."

Wasukuma baiskeli ndio waliowafunga wale wawili, kwa mipira yao ya kufungia mizigo. Hawakuwafunga kwa huruma.

"Baridi?" Motorola iliuliza.

"Bado iko. Naileta. Mwambie Victoire awashe mashine ya kupimia."

Saa kumi na moja jioni Victoire alitoka mlangoni mwa maabara na kusoma majina manne. La pili lilikuwa la Consolée. Consolée alikaa chini, akafunika uso kwa kitenge, kisha akauliza kaka yake yuko wapi.

Iliasi alikuwa amerudi mtoni, ananawa mafuta mikononi. Aliwasha Yamaha, akashika njia ya Kabambare, kwenye kazi nyingine.