Koti Lililolala Nje

Kagwiria aliliacha koti likining'inia kichwa chini, vifungo wazi. Asubuhi alilikuta limegeuka, mabega juu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

Alitazama huku na huku. Hakuna mtu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri kufunga vifungo vya koti la wenyewe. Akaligusa. Waya wa kuanikia ulikuwa umelowa umande, lakini koti lilikuwa kavu, na kwapani lilikuwa na joto.

"Upepo," alijiambia. Msichana ana diploma nzima ya wanyamapori, na diploma ikamwambia kwamba upepo hufunga vifungo.

Koti lenyewe lilikuwa la milia nyeusi na nyeupe, limeshonwa na fundi mmoja wa Kianjokoma aliyecheka siku nzima alipoambiwa ni la kumlea punda milia. Lakini halikuwa la kuchekwa. Mtoto wa punda milia akifiwa na mama humshika mtu mmoja, na mtu huyo akienda likizo mtoto hagusi chupa, anakufa. Kwa hivyo pale kwenye makazi ya wanyama yatima, huko chini Embu kwenye joto la Mbeere, walezi wote walivaa koti lile lile kwa zamu, ili mtoto apende koti, asipende mtu. Halikufuliwa, lisipoteze harufu. Likivuliwa lilirudi kwenye msumari, ndani ya banda la mtoto.

Jana yake Kagwiria alilifua. Kwao Kanyakine, Meru, hata jembe huoshwa kabla ya kulala. Lilinuka, hilo ni kweli, lakini kunuka ndiyo ilikuwa kazi yake. Akalianika jioni, mara bomba la maji likapasuka, watu wote wakakimbilia huko na sufuria na matambara, na koti likasahauliwa.

Mzee Mutegi, aliyelea wanyama pale miaka ishirini, alipoliona kwenye waya aliweka ndoo chini.

"Umelaza nguo nje?"

"Nilisahau, mzee. Ni koti tu."

"Nguo ambayo mtoto asiye na mama anaiita mama, umeiacha tupu nje usiku kucha, halafu unaniambia ni koti tu. Kwani nyinyi wa Meru hamna nyanya huko?"

"Tunao. Wanaenda kanisa."

"Hata wangu alienda kanisa. Na nguo alianua." Akachukua ndoo yake. "Mimi silivai tena, wala walezi wengine hawatalivaa. Ukilitaka, ni lako."

Kagwiria alilitaka. Afanye nini? Alikuwa amekaa hapo miezi minane bila mshahara, mitatu ya mafunzo ya chuo na mitano ya kujitolea, akifagia mavi ya swara na kusema asante. Meneja, Bwana Misheck, alikuwa amemwambia wazi: "Huyu mtoto akifika kuachishwa maziwa akiwa hai, kazi ni yako." Watoto watatu waliotangulia walikufa. Kwa hivyo alivaa koti, akajaza chupa, akaingia bandani.

Mtoto hakuwa na njaa. Alisimama kando ya ukuta, tumbo limejaa kama ngoma, povu la maziwa mdomoni.

"Nani amemlisha?" Kagwiria aliuliza.

"Nani amlishe, na koti unalo wewe?" Mutegi alijibu kutoka nje, na hakusogea karibu.

Ikawa hivyo kila siku. Chupa zilijazwa na kumwagwa. Saa sita mchana, jua likiwa utosini na mbuzi wote wamelala kivulini, mlio ulisikika bandani, mlio wa ulimi ukinyonya kitu laini, kcho, kcho, kcho, na Kagwiria alipochungulia kwenye mwanya wa mbao alimwona mtoto amesimama chini ya msumari, shingo imenyooshwa, mdomo umezama ndani ya koti lisilo na mtu, na koti limeinama kidogo kwake, kama wanavyoinama kina mama wote. Pakatoka harufu ya maziwa yaliyochacha, na chini yake harufu nyingine, ya chumba kilichofungwa na mgonjwa ndani.

Alimwambia Bwana Misheck. Misheck alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Majini ni ya pwani, Kagwiria. Huku ni ukame tu."

"Ya pwani yana majina," Mutegi alinong'ona walipotoka ofisini. "Haya yetu hakuna aliyethubutu kuyapa."

Siku ya tisa Kagwiria alilitoa koti msumarini, akaingiza mkono wa kulia, na kidole chake kikagusa kidole. Kilikuwa ndani ya mkono wa koti, kikavu, chenye joto, na hakikushtuka; kilisogea pembeni taratibu kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, na Kagwiria, badala ya kupiga kelele na kulitupa na kukimbia mpaka Kanyakine bila viatu, alisimama pale na jasho likimtiririka mgongoni, akasikia pumzi ya mtu ikishushwa nyuma ya sikio lake, pumzi ya mtu aliyechoka na sasa amepata pa kukaa. Kisha akaingiza mkono wa pili. Mtoto alikuwa anangoja kupimwa uzito.

Mtoto alinenepa. Wafadhili walikuja na kamera, wakasema hawajaona punda milia yatima mwenye manyoya ya kung'aa hivyo, na Misheck akampiga Kagwiria begani. "Una mkono wa mama, wewe!"

Kagwiria alikonda. Sketi ilishikwa kwa pini, kisha kwa kamba. Na jioni moja, akivua koti, aliona fulana yake imelowa kifuani, mahali pawili. Hakuwa amezaa. Hakuwa hata na mchumba. Akanusa. Yalikuwa maziwa, yamechacha.

Hapo ndipo alipomfuata Mutegi. Mutegi naye akamleta Igoki, mama mzee wa dawa kutoka ng'ambo ya mto, aliyekuja na kikapu cha majani na hasira ya kutembezwa juani. Aliingia bandani, akatoka mara moja.

"Ni mwanamke," alisema. "Alikufa na maziwa kifuani, na mtoto wake sijui alikwenda wapi. Sitaki kujua. Lichomeni hilo koti leo, angali ndani yake. Likishika moto atalia. Akilia, amekwenda. Mkichoma msisikie kilio, mimi msiniite."

"Na mtoto?" Kagwiria aliuliza.

"Yule wa milia? Atakufa. Hatanyonya kwingine."

Kagwiria alitazama ofisi ya Misheck. "Zimebaki wiki sita aachishwe maziwa, nyanya."

"Wewe huna wiki sita."

"Mbili basi. Tungoje mbili tu, azoee majani."

Igoki alimtazama kama anavyotazamwa mbuzi anayejipeleka mwenyewe kwa mchinjaji. Akafunga kikapu chake, akaenda.

Hawakufika wiki mbili. Siku ya kumi Kagwiria alianguka bandani. Mutegi alimvuta nje kwa miguu, akamvua koti bila kuomba ruhusa ya mtu, akalimwagia mafuta ya taa, akawasha.

Waliinama wote wawili wakisikiliza. Milia ilijikunja. Kola iliungua, mikono ikaungua. Koti liliwaka kama nguo yoyote kuukuu, likaisha, na hakuna aliyelia.

"Lia," Mutegi aliyaambia majivu. "Lia basi, shetani wewe."

Mtoto wa punda milia alitoka bandani. Aliyapita majivu bila kuyatazama, akaenda moja kwa moja hadi pale Kagwiria alipokaa chini, fulana na sketi ya kamba tu mwilini, akamwekea kichwa kifuani. Mutegi alirudi nyuma hatua moja. Ya pili. Jioni ile ile alikusanya blanketi lake na redio yake, akaacha kazi ya miaka ishirini.

Mtoto aliachishwa maziwa akiwa hai. Barua ya kazi ilitoka, ina muhuri, ina jina la Kagwiria, na Bwana Misheck aliisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, wakapiga makofi. Kagwiria alisikia makofi hayo kama mtu aliye chini ya kisima anavyosikia harusi ikipita juu. Aliita. Hakuna aliyeangalia chini.

Mama yake alipiga simu kutoka Kanyakine akilia kwa furaha.

"Kaari, binti yangu! Ni kweli umeandikwa?"

"Ni kweli, mama," sauti ilijibu. Ilikuwa sauti ya Kagwiria, ila tulivu zaidi, na Kagwiria huko chini aliita, mama, si mimi, mama, akikwaruza kuta kwa kucha.

"Mungu ni mwema! Tena sauti imenona, kazi imekukubali. Na Winrose, mke wa kaka yako, tunamngoja mwezi ujao. Mimba imekaa vizuri."

"Mwezi ujao?"

"Mwisho wake, daktari amesema."

"Nitaomba ruhusa nije, mama. Mwambie Winrose asihangaike kutafuta mtu wa kumsaidia. Mtoto nitamshika mimi."

"Ubarikiwe, mwanangu," mama alisema. "Ubarikiwe sana."