Mlio wa Nani?

Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Kila asubuhi ya likizo alifagia studio ya shangazi yake, fundi wa sauti, huku akiongea na ufagio, na nyaya, na hata viti. Asubuhi hii hakuongea. Aliokota waya, akauweka chini, akauokota tena. Masikioni mwake mlikuwa na mlio mwembamba, tiii, usiokoma.

Alijua ulikotoka. Jana, shangazi alipokwenda dukani, Chiriku alivaa hedifoni na kufungulia muziki mpaka kichwa kikatetemeka. Alikuwa ameonywa asivuke alama nyekundu kwenye kitufe cha sauti. Aliivuka.

"Una nini leo? Mbona kama umekalia siafu?" shangazi aliuliza.

"Sina kitu, shangazi."

"Haya, jiandae. Babu yako amefika."

Babu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mjini kurekodi vipindi vya redio, enzi za mashine za tepu zenye magurudumu makubwa kama sahani. Sasa koo lilimsumbua. Kesho yake angepasuliwa, na daktari hakuficha: huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana alitaka kuwasimulia wajukuu maisha yake wakati bado anaweza.

Aliketi mbele ya maikrofoni, taa ya mezani ikimulika karatasi zake. Shangazi alikodolea macho skrini iliyochora kila sauti, nzito chini, nyembamba juu.

"Naona kamstari huku juu. Huenda ni mlio. Masikio yangu ya utu uzima hayafikii tena sauti nyembamba kama hizo. Hebu sikiliza, Chiriku, kuna kitu?"

Chiriku alivaa hedifoni. Tiii. Lakini ulikuwa wa chumbani au wa kichwani? Akisema hajui, ataulizwa kwa nini.

"Safi, shangazi," alisema.

Babu akaanza. Alisimulia jinsi alivyobeba mashine mgongoni kama mtoto, na jinsi alivyojificha chini ya meza ili arekodi mvua ikipiga bati. Wote walicheka, isipokuwa Chiriku. Miguu yake haikutulia. Kila neno la babu lilimchoma, maana sauti ile ilizidi kukwaruza, na mwishoni ikabaki kama mnong'ono.

Shangazi alikuwa akirudia kusikiliza kwa spika wakati mdogo wa Chiriku alipoleta maji.

"Nani kafungia mbu humu?" mtoto aliuliza.

"Mbu gani?"

"Huyo anayelia kwenye spika. Na mwenzake yuko pale!" Alionyesha taa.

Shangazi akaizima taa. "Je, sasa?"

"Wa pale kanyamaza."

Shangazi alimgeukia Chiriku. Machozi yakamtoka msichana.

"Niliusikia, shangazi. Nilidhani ni wangu." Akaeleza yote.

Shangazi alivuta pumzi. "Wa kwenye rekodi nitauchuja, ingawa nitakesha nao. Ungesema ukweli, ningezima taa tu. Lakini sikio lako, mwanangu, sina mashine ya kulichuja."

Babu alikunywa maji, akaomba arudie salamu za mwisho kwa wajukuu. Alizitoa kwa sauti iliyopasuka, taa ikiwa imezimwa, na chumba kizima kikashika pumzi.

Walipompeleka babu hospitali, daktari wa masikio alimpima Chiriku pia. "Pumzisha masikio. Safari hii huenda umebahatika. Sikio likiharibika kabisa, halioti jingine." Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kila alipoamka alitega sikio kwanza. Mlio ulipungua kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja hakusikia chochote ila kuku wa jirani.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku babu aliporuhusiwa kuongea, alimwita Chiriku karibu na kitanda. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mikwaruzo, lakini ilikuwepo.

"Sisi wa mwanzo hatukuwa na vipimo vya sauti, mjukuu wangu. Tulifungulia tu. Wenzangu wengi leo ukiwasalimu hawaitiki. Vipimo viliwekwa baada ya watu kuumia, kwa hiyo viheshimu. Na ukikosea, sema mapema. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Nimesikia, babu."

Babu akamshika sikio taratibu. "Basi uendelee kusikia hivyo hivyo mpaka uzeeke kama mimi."