Majani Yasiyo na Tope

Saa kumi na mbili asubuhi Hafidha alifungua mlango wa gari lake, maji ya tope yakammwagikia miguuni. Mstari wa tope ulikuwa umepita usukani. Gari hilo ndilo lililokuwa likishusha mboga zake kutoka milimani Mgeta. Bila hilo hakuwa na kazi. Uani maji ya mvua ya usiku yalikuwa yameshatoka baada ya mlinzi Anselmi kufungua geti alfajiri, yakaacha tope zito.

Mwenye nyumba, Mzee Laurenti, alikuwa ameshamwita Mzee Castory, mjumbe wa mtaa wao pale Kihonda.

"Mharibifu ni huyu," alimwambia, akimnyooshea kidole Anselmi. "Majani ya mbuzi wake yameziba tundu la kutolea maji. Aondoke leo, na gari la binti alilipe yeye."

"Niliyabeba yote jana, mzee," Anselmi alisema.

"Nyamaza."

Hafidha alipiga magoti kando ya ukuta, akaingiza mkono tunduni, akavuta fungu la majani mabichi.

"Shikamoo, mzee mjumbe. Naomba uyashike haya. Yana tope?"

"Marahaba." Mzee Castory aliyageuza. "Hayana."

"Tundu liko chini kabisa ya ukuta. Tope limefika mpaka kwenye usukani wangu, lakini haya hayana hata chembe. Yamewekwa maji yakiwa yameshatoka."

Alichukua fimbo, akaisukuma tunduni. Iligota. Akagonga tena: zege. Ng'ambo ya ukuta zilisimama fremu mpya za maduka za Mzee Laurenti.

"Baba mwenye nyumba, umejenga msingi juu ya njia ya maji."

"Mafuriko ni kazi ya Mungu, binti."

"Gari lako jana lililala wapi?"

Anselmi aliinua uso. "Alilipeleka kwa jirani. Alisema wingu limefunga milima ya Uluguru, uani hapatafaa."

"Na mimi ukaniacha niegeshe palepale uliponionyesha mwenyewe," Hafidha alisema.

"Ningekuambia, ungeuliza kwa nini maji hayatoki. Mpangaji wa fremu anahamia Jumamosi. Ningebomoa lini?"

"Kwa hiyo ukaona umsingizie mlinzi," Mzee Castory alisema. "Mvua ni ya Mungu, Laurenti. Zege ni lako. Binti akienda kudai fidia ya gari lake, shahidi ni mimi."

Juu ya Uluguru wingu lilikuwa linafunga tena. Anselmi aliingia kibandani, akatoka na sururu. Hakumtazama mwenye nyumba.

"Nianzie wapi, dada?"

Hafidha alimwonyesha zege lililoziba tundu.