Tone la Damu Kutoka Kisiginoni

Wakio haamini mtu haraka. Hata sukuma wiki ya sokoni Kaloleni, hapo mjini Voi, huigeuza mara tatu kabla hajanunua. Sasa mjukuu wake amezaliwa kabla ya wakati, kilo moja tu, na amelazwa hospitalini Voi. Wakio ameshuka kutoka kijijini Wusi kumsaidia Cynthia, mke wa mwanawe. Macho yake hayawatoki wauguzi.

Jumatatu mtoto aliongezewa damu, kama vijiko vitatu vya chai. Wakio aliuliza ni ya nani, wa ukoo gani. Akaambiwa ni ya mtu aliyejitolea, imepimwa na ni salama. Hakuridhika. Kesho yake akasikia mtoto atatolewa damu kisiginoni. Shaka ikampanda. Wanatia huku, wanatoa huku. Inaenda wapi?

"Zamu ikibadilika, waambie ameshatolewa," alimnong'oneza Cynthia.

Cynthia aliogopa, lakini mama mkwe ni mama mkwe. Akasema hivyo.

Muuguzi wa mchana, Tryphena, alifungua faili. Hakuona majibu yoyote. Hakugomba. Alivuta kiti akakaa karibu na Wakio.

"Nyanya, kiwango chake cha damu kilikuwa nane. Daktari alipiga hesabu kwa uzito wake, akatarajia kifike kumi na moja. Tusipopima, tutajuaje kama damu imemsaidia?"

"Na hiyo mnayotoa mnaipeleka wapi?"

"Maabara. Ni matone machache tu. Njoo uone."

Wakio akasimama karibu kabisa. Matone yaliingia kwenye kichupa kidogo kuliko kidole chake cha mwisho. Majibu yakarudi: tisa.

Tryphena hakupendezwa. Alieleza kwamba kiwango kisipofika kilipotarajiwa, huenda kuna kitu kinaimaliza damu. Akamwita daktari mara moja. Daktari alimpima mtoto zaidi, akakuta maambukizi yameanza, ingawa hakuwa na homa. Akaanzishiwa dawa mchana huo huo.

 Wakio alimwambia Tryphena kwamba uongo ule ulikuwa wake, si wa Cynthia.

Mtoto aliongezewa damu tena, na safari hii kiwango kilifika kumi na mbili. Baada ya wiki sita alitoka akiwa na kilo mbili. Huko Wusi, Wakio huwaambia wanawake wenzake bila kuficha: "Nilidhani nailinda damu yake. Kumbe nilikuwa naulinda ugonjwa."