Udongo wa Pembe ya Mashariki

Mwaka ule tuliohamia shamba jipya, kazi zangu za asubuhi zilikuwa tatu, na zote nilizifanya mbio. Kwanza nilikwenda kisimani na debe. Pili nilifagia uwanja mbele ya kibanda cha nyasi tulimolala kwa muda. Tatu, na hii ndiyo niliyoipenda, nilikwenda kumwagilia vitunguu vyangu. Hapo ndipo niliposhika njia ya shule, mdogo wangu Simeoni akinifuata nyuma huku anatafuna kiporo cha viazi.

Mimi ni Rahabu, binti Kefa. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, nasoma darasa la tatu katika shule ya misheni, mwendo wa nusu siku kutoka Kiomboi. Ulikuwa mwaka ule Waingereza walipopata malkia mpya, na shuleni tuligawiwa vikombe vya bati vyenye picha yake. Wenzangu walivitundika ukutani. Mimi changu nilikifanya kipimo cha maji: kila mche wa kitunguu ulipata nusu kikombe, asubuhi na jioni. Bibi aliponiona alicheka mpaka akashika mbavu.

"Malkia wenu naye kapata kazi," alisema. "Akae hapo hapo, amwagilie!"

Ardhi ile Baba alipewa na jumbe, juu ya mteremko unaotazama mbuga za Wembere. Tangu nizaliwe tulikuwa tukiishi kwa baba mkubwa, chumba kimoja watu watano, na usiku ukijigeuza unampiga mwenzio kiwiko. Sasa tulikuwa tunajenga tembe letu wenyewe! Vyumba vitatu, na zizi la mbuzi pembeni. Kila nikirudi shule nilikuta kitu kipya: leo nguzo zimesimama, kesho boriti zimepanda, keshokutwa kuta zimekandikwa. Nilitamani siku ziwe ndefu zaidi.

Tulianza bustani siku ile ile Baba alipochimba shimo la nguzo ya kwanza. Mama alipanda maboga na mlenda. Baba alipanda muhogo, maana Bwana Shamba wa serikali alikuwa anapita na daftari lake kukagua kama kila nyumba ina muhogo wa akiba. Mimi nilipewa na Mwalimu Naftali miche sitini ya vitunguu. Aliwagawia wanafunzi wanne tu. Alisema atapita na baiskeli yake kuona nani ana mkono wa kazi, na huyo ndiye atakayesimamia bustani ya shule. Nilikwishajiona nimesimama mbele ya wenzangu, nimeshika jembe, naamuru.

Basi ikafika Jumamosi ya kutandaza udongo juu ya paa. Majirani walikuja asubuhi na mapema, wanaume na wanawake, na Mama alikuwa amepika togwa mtungi mzima. Tembe halina bati wala mgongo wa nyasi. Paa lake ni bapa: juu ya boriti hulazwa fito, juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi udongo uliokandwa na maji. Ule udongo ndio unaozuia mvua, na si udongo wowote tu. Ni wa kichuguu.

Bibi ndiye aliyekuwa mpimaji. Alichukua donge la udongo mbichi, akalisokota kati ya viganja mpaka likawa kama kamba nyembamba, kisha akalikunja. "Mnaona? Haukatiki," alisema. "Wa kichuguu hushikana, maji hayapati pa kupita. Ukikatika, huo wa kupandia mchicha."

Desturi ya ukoo wetu ni kwamba watoto wa nyumba hupewa pembe yao ya paa, waitandaze wao wenyewe kwa udongo walioubeba wenyewe. Baba alitupa mimi na Simeoni pembe ya mashariki.

"Vikapu ishirini vitatosha," alisema. "Rahabu, wewe ndiye mkubwa. Pembe hii iko mikononi mwako."

"Ndiyo, Baba!" nilijibu, na moyo ulinidunda kwa furaha.

Kichuguu kilikuwa ng'ambo ya korongo. Ushuke, upande, uchimbe, ushuke tena na kikapu kichwani, upande tena. Safari nne za mwanzo tuliimba. Tulileta vikapu vinane, Bibi akapima, akatusifu. Tulipomaliza safari ya nne jua lilikuwa utosini. Nilipita kutazama vitunguu vyangu, nikakuta majani yamelala chini kama yamepigwa. Nami sikuwa nimemwagilia asubuhi kwa sababu ya haraka ya ujenzi. Na Mwalimu alikwisha kuniambia atapita jioni ile ile!

Nilihesabu vikapu vilivyobaki: kumi na viwili. Nikatazama korongo, nikatazama vitunguu. Kando ya tuta langu, upande wa juu, kulikuwa na udongo laini niliokuwa nimeulima mwenyewe, mwekundu kama ule wa kichuguu. Hatua thelathini tu kutoka kwenye nyumba.

"Simeoni," nilimwambia, "chimba hapa."

Simeoni alinikodolea macho. "Dada, hii siyo njia ya kichuguuni."

"Udongo ni udongo. Chimba, nitakuachia togwa yangu."

Alikuwa na miaka tisa na kwa togwa angechimba hata chini ya kitanda cha jumbe. Tulijaza vikapu kwa udongo wa bustani, na juu ya kila kimoja nikaweka tabaka la udongo wa kichuguu niliouchota kutoka kikapu cha nane. Bibi aliingiza mkono juu juu, akasokota, akakunja. Haukukatika.

"Mke mwenzangu!" alinitania, kama anavyonitania siku zote. "Leo umenishinda. Babu yako angekuona angeniacha mimi!"

Watu walicheka. Nami nilicheka, ingawa masikio yaliniwaka. Tulikanda, tukatandaza, tukashindilia kwa miguu huku wanawake wakiimba. Mwisho paa lote likapakwa samadi laini ya ng'ombe, likawa rangi moja kutoka pembe hadi pembe. Hakuna ambaye angejua. Nilikimbia kumwagilia, na Mwalimu Naftali alipofika jioni vitunguu vilikuwa vimesimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, Rahabu. Kumbe! Sitini na vyote hai? Wewe unafaa."

Nilipaswa kulala kwa raha siku ile. Sikulala.

Jumatano tulihamia. Loo, harufu ile ya nyumba mpya, udongo na miti mibichi! Simeoni alikimbia kutoka chumba hadi chumba akipiga kelele kwenye kila mlango, "Hodi! Karibu! Hodi! Karibu!" Mama alicheka huku anafuta machozi kwa pindo la kaniki yake. Kisha Baba na baba mkubwa wakaleta kilindo cha mbegu. Kilindo ni pipa la gome la mti, na ndani yake mlikuwa na mbegu zetu zote: mtama, uwele, kunde. Mwaka uliotangulia mavuno yalikuwa haba, na Mama alizificha mbegu zile hata tulipolala na uji mwepesi. Zikilowa na kuota ndani ya kilindo, tungepanda nini?

"Tukiweke wapi?" aliuliza Mama.

"Pembe ya mashariki," alijibu Baba bila kufikiri. "Udongo wa watoto ndio Bibi aliousifu kuliko wote."

Nilisaidia kukisogeza hadi hapo. Nilijiambia, huenda paa litazuia tu. Ijumaa yakadondoka manyunyu kidogo, nikaingia mbio kutazama juu ya kilindo. Pakavu. Nikashukuru kama mtu aliyeokoka simba. Nikasema basi, yamekwisha, na sitamwambia mtu.

Jumamosi alasiri Baba alituita sote juu ya paa. "Njooni muone!"

Kutoka mashariki lilikuja wingu jeusi, limeinama mpaka chini, na mbele yake upepo unainua vumbi shambani. Mvua ya kwanza yenyewe! Baba alipiga makofi. Mama alipiga vigelegele. Simeoni alirukaruka juu ya paa mpaka Bibi akamkemea kutoka uani, "Wewe mume wangu, utatubomolea nyumba kabla hatujaizoea!"

Wote walifurahi isipokuwa mimi. Nilimtazama Mama. Uso wake ulikuwa unang'aa, na alikuwa anasema, "Jumatatu tunapanda, Kefa. Jumatatu tunapanda!"

Sikuweza kuficha tena.

"Baba, kilindo!" nilipiga kelele. "Kitoeni kilindo! Pembe yangu itavuja. Siyo udongo wa kichuguu. Vikapu kumi na viwili nilichota bustanini, nikafunika juu. Nilimdanganya Bibi!"

Vigelegele vya Mama vilikatika. Baba alinitazama. Kisha akaruka chini.

"Simeoni, leta ngozi ya ng'ombe! Rahabu, shika huku!"

Tulikiinamisha kilindo, tukakibingirisha. Kilikuwa kizito kweli, kilikwama mlangoni, Mama akasukuma kwa bega, Bibi naye akasukuma na fimbo yake. Matone makubwa yakaanza kupiga paa. Tulikifikisha chumba cha kati, Baba akakifunika ngozi. Tulikuwa bado tunahema tuliposikia, pwaa! Donge la tope lilianguka pembe ya mashariki, mahali pale pale kilindo kilipokuwa kimesimama. Likafuata jingine. Kisha maji yakamiminika kama kutoka mdomo wa mtungi.

Pembe nyingine tatu hazikudondosha hata tone. Tulisimama tukitazama ile moja.

Mvua ilipokatika nilitoka nje, nikaona la pili. Shimo tulilochimba kando ya tuta lilikuwa limejaa maji, maji yakavunja ukingo, yakapita katikati ya vitunguu vyangu. Miche ishirini na miwili ilikuwa imechukuliwa, mingine ikining'inia na mizizi hewani. Nilichuchumaa nikalia kwa sauti.

Baba alikuja akachuchumaa kando yangu. Mkononi alikuwa na lile donge lililoanguka. Alilisokota. Likakatika.

"Unaona udongo huu?" aliuliza. "Hauna kosa lolote. Ni mzuri, ulilea vitunguu vyako vizuri. Wewe ndiye uliyeutuma kazi isiyo yake."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe uliposema. Ungekaa kimya mpaka mvua ituambie, sasa hivi Mama yako angekuwa analilia mbegu." Alinipa lile donge. "Lakini sikiliza. Ulitaka kuokoa muda, na leo una kazi mbili za kurudia badala ya moja. Na Bibi yako, mtu mzima, alikusifu mbele ya majirani kwa kitu ambacho hukukifanya. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Tungekusaidia kubeba. Tungeweza hata kumwagilia hivyo vitunguu. Wewe uliubebesha uongo kazi hiyo, nao ukaishia njiani."

Jumapili tulikwenda kanisani. Jumatatu, kabla ya jua, nilipanda juu ya paa na jembe, nikakwangua pembe yangu mpaka kwenye nyasi. Udongo ule wa bustani niliurudisha kikapu kwa kikapu, nikaziba shimo, nikainua ukingo wa tuta, nikasimamisha miche thelathini na minane iliyobaki. Kisha nikashika njia ya kichuguuni. Simeoni alinifuata bila kuitwa.

"Leo huna togwa ya kunipa," alisema.

"Sina."

"Basi nitabeba bure."

Bibi alikuwa anatungoja uani amekaa juu ya kinu. Safari hii nilimwaga kikapu chote miguuni pake, udongo wa chini ukawa juu. "Pima, Bibi. Pima wa chini."

Alipima wa chini. Alipima vyote ishirini, kimoja kimoja, hakuruka hata kimoja, na mimi nilisimama nikangoja. Udongo wa kikapu cha mwisho ulipokunjika bila kukatika, alinyanyua macho. "Mke mwenzangu," alisema polepole, "sasa nakujua."

Shuleni nilimweleza Mwalimu Naftali habari yote kabla hajauliza. Alisikiliza, akakuna kidevu, akasema bustani ya shule nitaisimamia, ila kazi yangu ya kwanza itakuwa kuwaeleza wenzangu kwa nini miche ishirini na miwili ilikufa. Niliwaeleza. Walicheka, wakanitania juma zima, nikavumilia.

Mvua kubwa ya pili ilirudi siku ya tano tangu tuitandaze upya pembe yetu. Ilipiga tangu adhuhuri mpaka jioni, korongo likanguruma. Mimi nilisimama chini ya pembe ya mashariki nimeinua uso, nangoja tone linidondokee. Halikuja. Nilingoja mpaka shingo ikaniuma. Pakavu!

Mama aliingia akasimama kando yangu, akapapasa ukuta kwa kiganja, akapapasa fito za juu. Kisha akaenda chumba cha kati, akaiondoa ile ngozi ya ng'ombe juu ya kilindo.

"Rahabu, mwanangu," aliita. "Mbegu zilizobaki hizi tuziweke wapi?"

"Pembe yangu, Mama," nilijibu, nami tayari nilikuwa nimekwishashika upande mmoja wa kilindo.