Kosa Halikuwa la Yai

"Kula," alisema Nesi Lukresia pale zahanati, akisogeza sahani yenye yai la kuchemsha.

Ng'washi akaficha mikono mgongoni.

"Nesi, nisamehe. Nipe vidonge, nichome hata sindano kumi. Hilo sili."

"Mimba ina miezi miwili, damu huna, na umetembea kutoka Mwamapalala hujatia kitu mdomoni. Nimekupa yai langu la chai halafu unalikataa?"

Ng'washi akatazama mlango, akashusha sauti.

"Yai liliua mtoto wangu."

Nesi akakaa chini.

Miaka miwili nyuma, mimba yake ya kwanza ikiwa na miezi mitatu, Ng'washi alishikwa na hamu ya yai hadi machozi yakamtoka. Kwao mjamzito hali mayai, na yeye alilijua hilo vizuri. Akaiba moja kwenye kiota, akalichemsha, maganda akayafukia jivuni. Mama mkwe wake, Milembe, akayakuta wakati anazoa jivu. Siku ya nne mimba ikatoka. Milembe alisema neno moja tu: "Umemla mwanao." Hakulirudia tena, na wala hakukuwa na haja.

Tangu hapo kila kuku akitetea uani, Ng'washi alisikia mtoto analia. Aliacha mboga jikoni ikaungua, akaziba masikio. Kila asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye ua wa minyaa walipokizika kile kifurushi cha kanga, akapiga magoti kuomba msamaha. Mumewe, Mayige, alimwona. Alikuwa anageuza uso na kushika jembe.

"Mumeo hakukwambia nilichomwambia?" Lukresia aliuliza.

"Kipi?"

"Siku ile walikuleta kwa baiskeli, umezimia. Nikamuuliza wiki hiyo ulifanya kazi gani. Akasema ulikuwa unamchotea maji ya bomba la kupulizia na kumkorogea dawa ya wadudu wa pamba. Kwa mkono!"

"Ndiyo. Mwanaume anabeba bomba, mwanamke anachota na kukoroga. Wote tunafanya hivyo."

"Nikamwambia, sikiliza: mimba nyingine hutoka bila mtu kujua sababu, mimi siwezi kuapa. Ila kama kuna kitu cha kuogopa ni hiyo dawa, siyo yai. Mkeo akizinduka mwambie, asije akaigusa tena. Akaniitikia, ndiyo nesi, ndiyo nesi."

Ng'washi hakulia. Alibaki anaitazama mikono yake, hii iliyokoroga dawa siku tatu mfululizo.

"Usile yai bichi," nesi aliendelea taratibu. "Maziwa yachemke kwanza, nyama iive. Pombe acha, udongo acha, ndoo nzito acha. Na dawa, hata harufu yake ikimbie. Haya, sasa kula."

"Sitakula hapa. Nitalila nyumbani, mbele yao."

Hasira ilimfikisha Mwamapalala jua likiwa bado juu. Akamkuta Mayige uani, bomba la dawa liko chini, kando yake chupa isiyo na karatasi wala maandishi. Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, chama cha ushirika kimelegea, na kila mwenye kibanda gulioni anauza dawa ya pamba asiyoijua mwenyewe. Milembe alikuwa kivulini anachambua choroko.

"Umechelewa," Mayige alisema. "Chukua ndoo, mke wangu. Wadudu wanamaliza pamba."

"Sichukui."

"Unaumwa?"

"Nina mimba."

Milembe akaangusha ungo.

"Ng'wanone!" alisema, mwanangu kwa Kisukuma. "Basi safari hii mayai usiyaguse! Nakuomba!"

"Mayu, mama yangu, subiri. Muulize kwanza mwanao, Nesi Lukresia alimwambia nini ile siku."

Mayige alikuwa ameshika kizibo cha chupa. Kikamdondoka. Kijasho kikamtoka, kidume kizima chenye mabega ya kulimia ng'ombe wanne.

"Mayige," mama yake aliita. "Ulimwambia nini mwenzio?"

"Sikumwambia."

"Sema yote!" Ng'washi alifoka.

"Nesi alisema siyo yai. Alisema labda ni dawa. Mimi ndiye niliyekwambia ukoroge kwa mkono, ule mti wa kukorogea niliusahau shambani nikaona uvivu kuufuata. Niliporudi nyumbani mayu alishasema ni yai. Nikaona... nikaona bora iwe yai."

"Bora niwe mimi."

"Niliogopa, Ng'washi. Ningekuambia, ungeniacha."

"Miaka miwili unaniona napiga magoti pale! Silali, kuku akilia natetemeka, na wewe unalala unakoroma!"

"Sijalala hata mimi."

"Usinichekeshe."

Milembe alijifunika uso kwa kanga. Mwanamke yule mkali kama pilipili alikuwa analia kimyakimya, na Ng'washi alimwonea huruma bila kutaka.

"Sikiliza, Mayige. Nikitaka, leo hii naondoka kwa baba yangu na tumbo langu. Nikibaki, kuna mtu utamwomba msamaha kwanza."

"Nakuomba msamaha, mke wangu."

"Siyo mimi." Akanyoosha kidole kwenye minyaa. "Yule. Kila asubuhi nimemwambia mimi ndiye niliyemuua. Nenda kamwambie ukweli. Kwa sauti, nisikie."

Mayige akaiacha ile chupa hapo chini. Kisha akaenda, akapiga magoti palepale penye vumbi lililokwanguliwa na magoti ya mkewe.

"Mwanangu," alianza, sauti ikakatika. "Mwanangu, siyo mama yako. Mama yako hakukosa kitu. Ni mimi. Nilimpa dawa mikononi, halafu nikamwacha abebe peke yake."

Aliporudi, macho mekundu, Ng'washi alikuwa bado amesimama. Mayige akachukua ile ndoo, akaenda mwenyewe kisimani. Wanawake wa kisimani wakamcheka hadi wakashika mbavu, mwanaume mzima na ndoo ya maji! Akarudi nayo na maji yamemlowesha. Alikwenda hivyo msimu wote, na chupa ile haikuingia tena uani.

Siku ileile, kuku akatetea nyuma ya ghala. Mikono ya Ng'washi ikapanda masikioni kwa mazoea.

Milembe akainuka, akaenda kiotoni, akarudi na yai bado lina joto. Akalichemsha mwenyewe hadi likaiva kabisa, akalimenya na kulitia chumvi.

"Kula, ng'wanone," alisema. "Na mimi unisamehe."

Ng'washi akalipokea kwa mikono miwili. Akalila lote, machozi yakichanganyika na chumvi, na kuku alipotetea tena, alisikia kuku tu.