Warda Alipoianika Siri ya Sudi

"Nani kaandika haya?"

Sudi aliinua simu juu ili kila kijana ukumbini aione. Vyombo vikanyamaza kimoja kimoja. Kwenye kioo palikuwa na picha yake akipiga fidla, na chini yake maneno: "Baba aliwatelekeza. Mama akalala na njaa ili yeye ale. Leo fidla inamtoa."

"Nauliza tena. Nani?"

Warda alikuwa kwenye kona, kompyuta mapajani. Huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza kama afisa mawasiliano wa okestra ya vijana ya Kilindoni. Picha, video, matangazo ya onesho, yote yake. Ukurasa wa okestra mtandaoni ulikuwa umepooza, akatafuta habari ya kuuamsha, akaipata kwa mchumba wake mwenyewe. Sudi alimsimulia siku moja machozi yakimlenga, akamalizia, "Haya yabaki kwako."

Warda aliinamia kompyuta.

"Ukurasa ni wa okestra, na mkubwa wa okestra ni mie," Mwalimu Ghalib akasema. "Nilaumu mie."

"Nilikueleza mambo ya kwetu siku naomba nafasi hapa, Mwalimu! Nilikueleza kama mzazi!"

"Sudi, tulia tuzungumze."

"Tuzungumze nini? Baba kanipigia asubuhi. Watu wamemsomea barazani, wamemcheka. Kaniambia nitafute baba mwingine wa kunipelekea posa!"

Akailaza fidla kitini, akatoka bila kuaga.

Ghalib akamwendea Warda, akasema kwa sauti ya chini:

"Uliniambia karidhia."

"Mwalimu..."

"Karidhia au hakuridhia?"

"Hakuridhia."

"Basi mie sitakusemea. Nenda kaseme mwenyewe."

Hakwenda. Jioni Sudi akampigia simu.

"Warda wangu."

"Abee."

"Umekula?"

"Bado."

"Usiichukie kazi yako kwa ajili yangu. Watu wawili tu walijua habari ile, wewe na Ghalib. Nashukuru Mungu mmoja wao ni wewe."

Pale pale angelisema kweli. Badala yake alisema, "Pole, mpenzi," na akajisikia mwizi anayemsaidia mwenye nyumba kumsaka mwizi.

Baadaye ukaingia ujumbe: "Nimemwandikia Ghalib, nimemwita mnafiki. Kanijibu eti Mungu anijaalie kheri. Hata haya hana!"

Warda aliusoma, chakula kikamshinda kabisa.

Asubuhi alipanda bodaboda hadi Ndagoni, kwa akina Sudi. Sudi alikuwa uani, anapasua kuni. Mama yake, Bi Furaha, alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu. Umefanya vizuri kuja kumtuliza mwenzio."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi.

"Sudi, ni mimi."

"Nakuona. Kaa."

"Yale maneno. Niliyaandika mimi."

Mkono wa Bi Furaha ukasimama juu ya mbuzi. Sudi akatabasamu kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Unamkingia Ghalib."

"Ghalib ndiye aliyenikingia mie. Nilimdanganya kwamba umeridhia."

"Kwa nini, Warda?"

"Nilitaka kazi yangu ionekane. Watu wakasambaza, wakasifu, nami nikafurahi. Wallahi nilifurahi."

"Na jana, kwenye simu?"

"Niliogopa kukukosa."

Sudi alitupa shoka chini, akampa mgongo. Aliyesema ni mama.

"Mwanangu, njaa yangu nilimficha hata mama yangu mzazi."

Akarudi kukuna nazi yake.

"Nenda, Warda," Sudi akasema bila kugeuka. "Nenda kabla sijasema nitakalolijutia."

Alipofika njiani aliifuta ile habari, akaandika nyingine: "Habari ya Sudi niliiandika mimi, Warda. Hakuniruhusu. Mwalimu Ghalib nilimdanganya. Nawaomba radhi wote wawili, pamoja na mama na baba yake Sudi."

Matusi yakamiminika. Hakujibu hata moja. Akamwambia dereva ageuze, waende Baleni.

Mzee Kombo, babake Sudi, alikuwa nyuma ya nyumba anafua nazi, akizitoa makumbi kwa kifuo chenye ncha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndimi."

"Uliandika uongo?"

"Hapana, baba. Lakini hayakuwa yangu kuyasema."

Mzee aliichomeka nazi kwenye kifuo, akaiacha hapo hapo.

"Niliwaacha, kweli. Nilikuwa naisubiri siku ya posa nimwombe mwanangu radhi mbele ya wakubwa. Wewe ukaniwahi. Ukanivua nguo, nami nilikuwa njiani kuvua mwenyewe."

Warda akaangua kilio.

"Usilie hapa, majirani watadhani nakupiga. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Mzee alimtazama sana.

"Miaka yote hii mie nimeshindwa kwenda Ndagoni peke yangu," akasema, akashika tena nazi.

Sudi alirudi okestra. Alimbusu Ghalib mkono mbele ya vijana wote, akaomba radhi. Kwa Warda alitoa salamu tu, kavu, kama kwa karani. Naye Warda akaendelea na kazi. Siku hizi harushi picha kabla ya kumuuliza mwenyewe, na akikataliwa, anaifuta mbele yake. Onesho lilipofanyika, Sudi alipiga fidla watu wakasimama, akashuka jukwaani akampita Warda kama hamjui. Warda alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi kurekodi.

Ndipo siku moja mchana simu ikaita.

"Warda."

"Abee."

"Baba kaja Ndagoni. Kamwomba mama radhi uani."

"Alhamdulillahi! Mama kasemaje?"

"Kampa maji ya kunywa. Kwa mama, hilo ni jambo kubwa. Baba anauliza, kwenu mtapokea wageni wa posa Ijumaa?"

"Sudi, umenisamehe?"

"Bado."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Nimejaribu kukusamehe ukiwa mbali, nimeshindwa," Sudi akasema. "Waambie wazee wako tunakuja."